Mtandao Uliolala Saa Nane

Ngazi ya kampuni niliirudisha Ijumaa, pamoja na mkanda wa kupandia nguzo, kipima mwanga, kalamu ya mwanga mwekundu na koleo mbili. Mwenye stoo alivikagua kimoja kimoja, kisha akasema koleo moja ina kutu. Nikamwambia hata mimi nina kutu na bado mmenitumia. Hakucheka. Ndivyo nilivyostaafu, kama mna hamu ya kujua. Nasikia keki ililetwa Jumatatu, nami sikuwepo.

Mliobaki kazini mmeniomba niwaandikie niliyoyaona Kibera na Kawangware. Mambo ya vyeo na mishahara kaulizeni ofisini. Mimi nitaandika juu ya nyaya, maana ndizo nilizozijua vizuri, au nilidhani hivyo hadi mwaka jana. Kuna jambo lililonishtua mwaka huo, na mshtuko wake haujaniisha hadi leo ninapoandika. Nataka mlijue kabla hamjabisha hodi kwa mteja yeyote anayelalamika kwamba mtandao unakokota.

Nilianzia kwenye simu za waya wa shaba. Aliyenifundisha alikuwa Bwana Odera, mtu wa pande za ziwa, mrefu, mwenye maneno machache na fulana iliyopigwa pasi hata ndani ya ovaroli. Siku yangu ya kwanza alinipeleka mtaa wa Olympic, Kibera, kwa mwalimu mmoja ambaye simu yake ilikuwa inakwaruza. Nilitarajia kupewa koleo. Bwana Odera akanipa kiti, akaniambia nikae niisikilize hiyo simu robo saa nzima. Niliona haya mbele ya mwenye nyumba, lakini nilikaa. Baada ya muda nikagundua kwamba inakwaruza kila upepo unapovuma, na tulipotoka nje tukakuta waya unasuguana na ukingo wa paa. Bwana Odera hakunisifu. Alisema tu kwamba hitilafu yoyote ina saa zake, na fundi asiyeuliza saa anafanya kazi ya kubahatisha.

Alinifundisha jambo la pili siku hiyo hiyo. Waya uliobaki, alisema, usiuache ukining'inia kama nguo ya mlevi. Ukunje duara dogo la ukubwa wa kisosi, lifunge mara tatu kwa uzi wa shaba, likaze, kisha litundike msumarini. Mteja hajui ulichofanya ndani ya waya, ila anaona ulivyouacha ukuta wake.

Nililipenda duara lile. Nililifunga kila nyumba niliyoingia, mpaka likawa saini yangu. Wenzangu walikuwa wakipita Gatwekera, huko huko Kibera, wakiona duara bapa limebana ukutani, wanasema hapa alipita Muli. Sitaficha, nilikuwa natembea nikiyaangalia.

Kisha ukaja waya wa kioo. Tulikusanywa kwenye chumba kimoja, mwalimu akatuonyesha uzi mwembamba kuliko unywele, akasema simu, picha na sinema za mtaa mzima zitapita humo zikiwa mwanga. Nilimwuliza mara mbili kama anatutania. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto shuleni, na nilirudi nyumbani nimeduwaa nikashindwa kumweleza mke wangu nilichokiona. Mwalimu huyo alituonya tusiukunje uzi huo. Niliandika kwenye daftari na kupiga mstari chini yake. Lakini kukunja, kwa akili yangu, kulikuwa ni kukunja kona, kama unavyokunja karatasi. Duara si kona. Hakuna aliyenisahihisha, kwa sababu kufikia wakati huo mimi ndiye niliyekuwa nasahihisha wengine.

Kesi ngumu zilikuwepo na nyingine zilinifurahisha. Kulikuwa na kinyozi Gatwekera ambaye mtandao wake ulikufa siku aliyopanua biashara. Tulibadilisha kifaa, tukabadilisha waya, tukakaribia kumbadilisha kinyozi mwenyewe. Siku ya tatu nikakaa kwenye kiti chake ninyolewe, na nikiwa nimefungwa shuka shingoni nikaona. Alikuwa amenunua kioo kipya cha kujitazamia, kimeziba ukuta mzima, na kifaa cha mtandao kilikuwa nyuma yake. Kioo kina rangi ya madini mgongoni, hivyo mawimbi yalikuwa yanagonga pale na kurudi. Tulikihamisha kifaa juu ya mlango, mambo yakaisha. Nilitoka na upara wa bure.

Lakini nyumba zilinifundisha jambo ambalo Bwana Odera hakuwahi kuniambia. Wateja wengi hawatuiti tuutengeneze mtandao. Wanatuita tuwaambie ni nani. Ni nani anaumaliza, ni nani aliyempa jirani neno la siri, ni mtoto gani anaangalia video badala ya kusoma. Ukifungua kompyuta ukaona orodha ya simu zilizounganishwa, nyumba nzima hunyamaza kukungojea useme. Mimi ni Mkamba wa Machakos. Tangu nifike Nairobi nimetaniwa kwamba sisi ni waganga, nami nikicheka na wanaocheka. Kumbe uganga niliufanya kweli, kule Kabiro, Kawangware, mchana kweupe, nikiwa na kitambulisho cha kampuni shingoni.

Ploti hiyo ya Kabiro ni safu mbili za vyumba vya mabati vinavyotazamana, na mfereji wa maji mwishoni. Wapangaji wote walitumia laini moja, ambayo niliiweka mimi mwenyewe. Msemaji wao alikuwa Mama Brayo, Mkamba kama mimi, kutoka Kitui, mchangamfu, anayejua nani anaumwa na nani ana wageni. Alinipigia mwezi wa sita. Alisema asubuhi mtandao ni mzuri, usiku ni mzuri, lakini ikifika saa nane mchana unalala mpaka jua lipungue.

Hapo ndipo nilipaswa kukumbuka kiti cha Olympic. Nilikuwa nimepewa saa ya hitilafu bila hata kuuliza. Badala yake nilisema nitakuja Jumapili wakishatoka kanisani, wawepo wote.

Waliniwekea stuli karibu na mfereji. Nilifungua kompyuta yangu na kutoa orodha ya simu na kompyuta zilizounganishwa wiki nzima. Watu walisogea, wengine bado wana Biblia mkononi. Nikaanza kusoma majina ya simu kwa sauti, na kila jina likitajwa mwenyewe anacheka kwa wasiwasi. Mama Brayo akatania kwamba fundi ni Mkamba, akikuona amekuona. Nikafurahia utani huo. Kisha nikafika kwenye kompyuta ambayo kila siku ilianza kufanya kazi saa nane mchana na kuacha jioni. Ilikuwa ya Apiyo.

Apiyo alikuwa akiishi chumba cha mwisho na mama yake, aliyekuwa amepooza upande mmoja na hawezi kuinuka bila kushikwa. Kwa sababu hiyo Apiyo alikuwa ametafuta kazi ya kufanyia nyumbani. Alitumiwa sauti za watu waliorekodiwa, akawa anazisikiliza na kuziandika kwa kompyuta, na zamu yake ilianza saa nane. Alikuwa bado kwenye majaribio. Akipita ataajiriwa, na mama yake atakuwa na mtu kando yake kila siku. Hayo yote ploti ilikuwa inayajua, nami niliambiwa pale pale.

Aliposikia jina lake alisogea mbele, akainama kuangalia kioo cha kompyuta yangu.

"Fundi, mimi nasikiza sauti tu," alisema. "Siwatch video. Hizo file ni ndogo sana. Tafadhali pima tena. Hata mimi ikifika saa nane inanikatia, na niko probation, zimebaki wiki mbili."

Fikirini maneno hayo. Mtu ninayemshtaki kwa kuumaliza mtandao ananiambia kwamba naye unamkatia. Fundi wa mwezi mmoja angeinua kichwa. Mimi nilimjibu, "Dada, mashine haidanganyi." Watu wakaguna kukubali. Mama Brayo akasema kwa upole kwamba hakuna mwenye ubaya naye, ila watoto wa watu wanashindwa kufanya homework. Wakakubaliana atolewe kwenye laini. Nikabonyeza, nikamfungia. Sikupima mwanga kwenye waya. Kipima mwanga kilikuwa ndani ya mkoba wangu, karibu na mguu. Nilijua ni mkono gani ulioufunga waya huo, nami niliuamini.

Na sasa oneni jinsi uongo unavyoweza kupata shahidi. Wiki ile ile baridi ya Nairobi ikaingia, ile ya kuvaa makoti mawili, mawingu yakafunika jua mwezi mzima na zaidi. Mtandao wa Kabiro ukawa mzuri asubuhi, saa nane na jioni. Mama Brayo alinipigia kunishukuru. Alisema Apiyo alijaribu kutumia bando za simu, zikamshinda, kazi ikampotea, naye amehama na mama yake. Alisema kwa huzuni ya kweli, kisha akaongeza kwamba angalau ukweli ulijulikana. Nikasema ndiyo.

Mwezi wa tisa jua likarudi. Mama Brayo akanipigia tena, sauti yake imebadilika.

"Fundi, imeanza tena," alisema. "Saa nane. Na Apiyo hayuko."

Nilikaa kitandani na simu mkononi. Mke wangu aliniuliza nani amekufa.

Nilifika Kabiro saa tano asubuhi, na safari hii nilifuata utaratibu, ambao naomba muufuate kila mara hata kama mteja ni ndugu yenu. Kwanza niliunganisha kompyuta kwa waya moja kwa moja kwenye kifaa, ili mambo ya mawimbi na kuta yasiniingilie. Mtandao ulikuwa mzuri. Nikapima mwanga, ulikuwa hafifu lakini unapita. Kisha nikakaa. Nilikaa kwenye stuli ile ile, nikipima kila baada ya muda, nayo mabati yakawa yanapata moto na kulia juu yangu. Kufikia saa saba unusu mwanga ulikuwa umepungua. Saa nane ulikuwa umebaki kidogo sana, na mtandao ukaanza kukokota kama ulivyosemwa. Ndani ya laini hapakuwa na mtu mwingine, nilikuwa nimewatoa wote.

Nikachomoa waya, nikauchomeka kwenye kalamu ya mwanga mwekundu. Mnaijua kazi yake. Uzi ukiwa mzima, mwanga unapita ndani kimya kimya, huoni kitu. Ukiwa umebanwa mahali, mwanga unavuja pale pale. Niliufuata waya kutoka chumba cha Mama Brayo, chini ya paa, hadi nyuma ya sanduku la mita. Pale, kwenye msumari, kulikuwa na duara langu. Bapa, safi, la ukubwa wa kisosi. Lilikuwa linawaka jekundu mahali patatu, pale nilipolifunga kwa uzi wa shaba.

Hapo ndipo nilipoelewa. Jua likipasha mabati, waya ulivimba, na uzi wangu wa shaba ukauma. Jua likishuka, ukaachia. Baridi ilipokuja, hakikuvimba kitu, na ndiyo sababu nilishukuriwa. Nilikata vifungo vitatu, nikalilegeza duara mpaka likawa kubwa kama karai, nikapima. Mwanga ulirudi papo hapo. Kazi yote haikuchukua muda wa kunywa chai. Mama Brayo alitoka akauliza nimepata nini. Nilimwambia mtandao utakuwa sawa, nikatoka nikiwa nimesahau ngazi.

Nikiwa njiani nilianza kuhesabu. Maduara yangu yako Olympic, yako Gatwekera, yako kila kona ya Kawangware. Ni watu wangapi niliowaambia shida ni simu zao, mabati yao, watoto wao? Miezi yangu ya mwisho kazini niliimaliza nikipanda kufungua nilichokifunga, na wengi wenu mlidhani mzee anaaga kuta. Lakini kabla ya kuta ilinibidi nimtafute Apiyo.

Niliambiwa yuko Gatwekera. Nilipoufikia mlango niliukuta una kufuli kwa nje, nikageuka niondoke. Sauti ya mwanamke ikaniita kutoka ndani.

"Nani?"

Nilishtuka nikasema ni fundi wa mtandao. Akauliza kama ni yule wa Kabiro. Nikasema ndiye.

"Apiyo ameenda kufulia watu nguo Olympic," alisema. "Ufunguo anao yeye. Ningekukaribisha, baba, lakini mlango umefungwa."

Alisema hivyo kwa adabu kabisa, kama mwenyeji aliyeishiwa majani ya chai. Nilikaa kwenye jiwe nje ya mlango. Kila baada ya muda aliniuliza kama bado nipo, nami nikamwambia nipo. Aliniuliza kama mvua inakaribia. Sijawahi kuona aibu ya namna hiyo, na sidhani nitaiona tena.

Apiyo alirudi alasiri, vidole vimekunjamana kwa sabuni. Alinisalimu. Nikamwambia kwamba ni waya, na ni mimi niliyeufunga vibaya, na yeye hakuwa na kosa lolote. Nikamwambia naweza kumletea laini hapo hapo nyumbani, nimwekee mwenyewe. Alisema kazi ile ilishachukuliwa na mtu mwingine. Alikuwa ameshika ufunguo lakini hajaufungua mlango.

"Mimi nilijua si mimi," alisema. "Mimi si wa kuambiwa. Enda uwaambie wale, na uwaambie pale pale mbele ya wote, vile uliwaambia mara ya kwanza."

Jumapili iliyofuata nilisimama karibu na mfereji. Stuli niliikataa. Nilikuwa nimebeba lile duara la Kabiro, nimelikata na kuunganisha waya mpya, na nikalichomeka kwenye kalamu ya mwanga, nikalifunga tena kwa uzi wa shaba ili waone linavyovuja. Niliwaeleza mambo ya jua na baridi. Niliwaambia kwamba Apiyo aliniambia nipime tena, nami nilikuwa na kipimo mkobani. Mzee mmoja aliuliza kama sasa mtandao utakuwa sawa, mkewe akamkanyaga mguu. Mama Brayo alikuwa ameketi, leso mdomoni. Alisema alikuwa akimwogesha mama yake Apiyo siku binti akienda sokoni, na hakuwaaga walipohama.

Kisha akasema lazima waombe msamaha, na waombe siku hiyo. Ploti ilikuwa na grupu ya WhatsApp, na Apiyo alitolewa alipohama. Mama Brayo akamrudisha. Akaandika wa kwanza, maneno mengi ya kweli, akijifuta macho kwa kiganja. Wengine wakafuata, mmoja mmoja, wamesimama pale uani wameinamisha vichwa. Hata yule mzee aliandika, polepole, kwa kidole kimoja. Tukaona kwa alama za simu kwamba Apiyo anasoma. Tukangoja.

Jibu lilipokuja, simu zote zililia kwa pamoja.

"Nimesoma zote. Mama anawasalimia. Sasa naomba mnitoe."

Mtu mmoja aliuliza kwa nini asitoke mwenyewe. Waliangaliana, hakuna aliyetaka kuwa wa kubonyeza. Mama Brayo alikuwa ndiye msimamizi wa grupu. Aliitazama simu yake, kisha akaninyooshea.

"Fundi, mtoe wewe," alisema, bila hasira yoyote. "Hata mara ile ni wewe ulimtoa."

Nikaichukua ile simu, nikamtoa.